Nani Yuko Mwisho wa Laini Hii? Historia ya Ramani za Anwani katika Fremu Rilei

Mwaka 1981, mhandisi aliyetaka kujua kompyuta fulani ya ARPANET imechomekwa wapi hakuwa na haja ya kumwuliza mtu. Aliitazama anwani yenyewe. Anwani 10.2.0.6 ilijieleza: 10 ni mtandao wa ARPANET, 2 ni tundu ambamo kompyuta imechomekwa, na 6 ni nambari ya IMP, mashine ya kupitisha pakiti iliyotengenezwa na kampuni ya BBN. IMP ya 6 ilikuwa MIT, katika jimbo la Massachusetts. Septemba ya mwaka huo Jon Postel, akiwa Chuo Kikuu cha Southern California, alizikusanya kanuni za namna hiyo katika waraka uitwao RFC 796. Kuoanisha anwani ya juu, yaani ya IP, na anwani ya chini, yaani ya waya, ilikuwa hesabu tupu: chukua tarakimu hizi, zihamishie pale, tuma.

Raha hiyo haikudumu. Kila mtandao uliokuja baadaye ulilileta upya swali lile lile: jina la ninayemtaka nalijua, lakini ni njia ipi inayofika kwake? Historia ya fremu rilei, teknolojia iliyounganisha ofisi za benki, viwanda na serikali katika miaka ya 1990, ni historia ya kulijibu swali hilo. Humo tunaona maarifa ya "nani yuko wapi" yakitoka mkononi mwa mhandisi kwenda ndani ya itifaki, yakirudi mkononi, kisha yakihama tena. Asiyeijua safari hiyo anaweza kuandika amri zote sawasawa na bado asijue mtandao wake umesimama juu ya nini.

Kupaza sauti na kuandika jedwali

Aliyeivunja hesabu ya Postel ni Etheneti. Kadi ya Etheneti ilitoka kiwandani ikiwa na anwani ya biti 48, na anwani nzima ya IP ni biti 32. Kikubwa hakiingii ndani ya kidogo. Novemba 1982 David Plummer, naye akiwa MIT, alitoa suluhisho katika RFC 826: itifaki ya ARP. Kompyuta inayomtafuta mwenzake inapaza sauti kwenye waya mzima: mwenye anwani hii ya IP ni nani? Wote wanasikia, mwenyewe anajibu na kutaja anwani ya kadi yake, na aliyeuliza analiweka jibu hilo kwenye kumbukumbu yake kwa muda. Hakuna jedwali la kuandika. Mtandao unajifunza wenyewe.

ARP ilikuwa na sharti moja: lazima pawe na waya ambao sauti moja inawafikia wote. Ndani ya jengo moja waya huo ulikuwepo. Kati ya miji haukuwepo.

Kati ya miji kulikuwa na mitandao ya mashirika ya simu, na kanuni yake ilikuwa X.25, iliyopitishwa mwaka 1976 na CCITT, chombo cha kimataifa cha viwango vya simu. Katika X.25 kompyuta ilipiga simu kwa mwenzake kwa anwani ya tarakimu hadi 14. Septemba 1983 John Korb wa Chuo Kikuu cha Purdue aliandika RFC 877, kueleza jinsi ya kupitisha pakiti za IP juu ya X.25. Lakini anwani ya X.25 haikuweza kukokotolewa kutoka kwenye anwani ya IP, wala mtandao wa shirika la simu haukumruhusu mtu kupaza sauti kwa wateja wote. Likabaki jedwali. Mstari mmoja, anwani moja ya IP, anwani moja ya X.25, na kila mstari umeandikwa na mtu.

X.25 ilikuwa na uzito mwingine pia. Ilibuniwa kwa ajili ya nyaya za shaba zenye kelele, hivyo kila swichi njiani ilikagua kila pakiti, ikakiri kuipokea, na ikaomba irudiwe ikiwa imeharibika. Katikati ya miaka ya 1980 nyuzi za kioo zilikuwa zimeanza kutandazwa, na makosa njiani yakawa machache mno. Isitoshe, kompyuta za miisho zilikuwa na TCP, ambayo yenyewe inajua kurudisha kilichopotea. Ukaguzi wa kila hatua ukawa kazi ya bure.

Wanne waliokutana

Wazo la kuupunguza mzigo huo lilikulia ndani ya kazi za ISDN, mtandao wa simu wa kidijitali. Mwaka 1988 CCITT ilitoa pendekezo I.122, lililoweka misingi ya huduma mpya za pakiti zisizo na ukaguzi wa kila hatua. Humo ndimo ilimotoka fremu rilei. Swichi inapokea fremu, inaangalia kama imeharibika, inaitupa ikiwa mbovu, na kama ni nzima inaipitisha. Haikiri kuipokea, wala haiombi irudiwe.

Viwango vya kimataifa huenda polepole, na soko halikungoja. Septemba 1990 kampuni nne zilichapisha kwa pamoja maelezo yao ya fremu rilei yakiwa na nyongeza: Cisco, kampuni changa ya ruta iliyoanzishwa mwaka 1984 na Leonard Bosack na Sandy Lerner waliotoka Stanford, StrataCom, watengenezaji wa swichi za pakiti wa California, Northern Telecom ya Kanada, na Digital Equipment Corporation ya Massachusetts. Wahandisi wakawaita Genge la Wanne, na jina hilo likaingia katika vitabu.

Nyongeza yao iliyodumu kuliko zote ni LMI, mazungumzo mafupi kati ya ruta ya mteja na swichi ya shirika la simu. Kwa kawaida, kila sekunde 10 ruta inauliza: bado uko hai? Na kila mara ya sita inaomba orodha kamili: ni saketi zipi zilizopo kwenye laini hii, na ipi inafanya kazi? Baadaye taasisi ya viwango ya Marekani, ANSI, na CCITT yenyewe zilitoa namna zao za mazungumzo hayo. Wanne walitumia nambari 1023 kuyabeba. ANSI ikatumia 0. Ruta na swichi zisipokubaliana juu ya aina ya LMI, laini inaonekana imekufa ingawa waya ni mzima, na mafundi wengi walikesha usiku kwa sababu ya tofauti hiyo ndogo.

Mwaka 1991 lilianzishwa Baraza la Fremu Rilei ili kampuni zikubaliane, na mwaka huo huo WilTel ya Tulsa, Oklahoma, ikawa miongoni mwa kampuni za kwanza Marekani kuiuza huduma hiyo kwa umma. WilTel ilitokana na kampuni ya mabomba, Williams, na sehemu ya nyuzi zake za kioo ilipitishwa ndani ya mabomba ya mafuta yaliyoachwa kutumika.

Mvuto wa fremu rilei ulikuwa fedha. Kabla yake, kampuni iliyotaka kuunganisha ofisi zake ilikodi laini moja kwa kila jozi ya ofisi, na bei ilipanda kwa umbali. Ofisi 10 zikitaka kufikiana zote moja kwa moja zinahitaji laini 45. Ofisi 50 zinahitaji 1,225. Kwa fremu rilei, kila ofisi ilikodi laini moja fupi hadi kwenye swichi iliyo karibu, na juu ya laini hiyo zikapitishwa saketi pepe nyingi kwenda kokote. Katika michoro, mtandao wa shirika la simu ukawa wingu: mteja anajua fremu inaingia wapi na inatokea wapi, na yaliyo katikati si yake.

Nambari yenye maana ya hapa tu

Saketi pepe inahitaji kitambulisho, na kitambulisho hicho ni DLCI: nambari ya biti 10 ndani ya baiti mbili za mwanzo wa fremu. Biti 10 zinatoa nambari kuanzia 0 hadi 1023. Za mwanzo na za mwisho zimetengwa kwa kazi za mtandao wenyewe, na mteja huanzia 16.

Jambo la kushika ni kwamba DLCI, katika matumizi ya kawaida, ina maana kwenye laini moja tu. Saketi ni moja, lakini kila upande una nambari yake. Mwanamke yule yule kwa wazazi wake ni Mwanaidi, na ukweni ni Mama Juma. Ukienda ukweni ukamwulizia Mwanaidi, huenda watoto wa nyumba wakakuambia hawamjui. Makao makuu yanaweza kuiita saketi 102, na tawi likaiita saketi hiyo hiyo 201. Swichi zilizo ndani ya wingu hubadilisha nambari hatua kwa hatua, kila moja ikiwa na jedwali lake: fremu iliyoingia kwa mlango huu na nambari hii itoke kwa mlango ule na nambari ile.

Kwa hiyo DLCI haimtaji mtu. Inataja njia, tena kwa jina linaloeleweka mahali uliposimama tu. Anwani ya IP kwa upande wake inamtaja mtu kwa jina linalojulikana kote, ila haisemi njia. Pakiti inapofika kwenye ruta ikiwa na agizo la kwenda 10.1.1.2, kuna kitu lazima kiseme: kwa huyo, tumia saketi 102. Kitu hicho ndicho ramani.

Mstari mmoja wa mkono

Katika ruta za Cisco ramani iliandikwa kwa mstari mmoja ndani ya kiolesura:

frame-relay map ip 10.1.1.2 102 broadcast

Mstari huu ulipita mikononi mwa kizazi kizima cha wahandisi, nao una maamuzi matatu ndani yake. Wa kwanza ni anwani ya mwenzako, si yako. Wa pili ni DLCI ya upande wako, si ya upande wake. Wanaoanza huchanganya hapo: anwani ni ya mbali, nambari ni ya karibu. Mantiki yake inaeleweka mara tu ukikumbuka kwamba ruta inaandika bahasha kwa ajili ya swichi iliyo jirani, na swichi hiyo inazijua nambari za laini hii tu.

Uamuzi wa tatu ni neno la mwisho, linaloruhusu matangazo. Fremu rilei haina sauti ya kuwafikia wote, lakini itifaki za kutafuta njia, kama RIP, IGRP na OSPF, huishi kwa kutangaza. Neno hilo linaiambia ruta: ukiwa na tangazo, tengeneza nakala uipeleke kwenye saketi hii pia. Lisipoandikwa, hutokea hali inayowashangaza wengi. Kupiga hodi kwa amri ya ping kunajibiwa vizuri, lakini njia za mtandao wa ng'ambo hazionekani kabisa, kwa sababu mazungumzo ya jirani kwa jirani hayajafika.

Kulikuwa pia na suala la ufungashaji. Cisco ilikuwa na namna yake ya kuifunga pakiti ndani ya fremu, na IETF, jumuiya ya viwango vya intaneti, ikawa na yake. Ruta mbili za Cisco zilielewana bila kuambiwa lolote. Lakini ng'ambo pakiwa na ruta ya kampuni nyingine, ilibidi kuongeza neno ietf mwishoni mwa mstari wa ramani au kwenye kiolesura kizima. Ramani ilisema njia ni ipi, na ikasema pia kwa desturi gani uzungumze na aliye mwisho wake.

Ukiwa na matawi mawili, kuandika kwa mkono si taabu. Ukiwa na matawi 40, kila ruta ina jedwali lake, na kila mabadiliko ya anwani moja yanadai kugusa ruta nyingi. Tatizo la X.25 lilikuwa limerudi, safari hii likiwa na nambari fupi zaidi.

Swali lililogeuzwa

Januari 1992 zilitoka nyaraka mbili zilizofuatana. RFC 1294, ya Terry Bradley na Caralyn Brown wa Wellfleet Communications pamoja na Andrew Malis wa BBN Communications, iliweka ufungashaji wa pamoja kwa itifaki nyingi juu ya fremu rilei. RFC 1293, ya Bradley na Brown, ilileta ARP ya kinyume.

Bradley na Brown waliona jambo ambalo baada ya kulisikia linaonekana la wazi. Kwenye Etheneti unajua jina na unatafuta njia. Kwenye fremu rilei hali ni kinyume chake: njia unazo tayari, kwa sababu LMI imekuletea orodha ya DLCI zote zilizo hai. Usichokijua ni nani yuko mwisho wa kila moja. Basi hakuna haja ya kupaza sauti. Tuma swali ndani ya saketi yenyewe: wewe uliye mwisho wa njia hii, anwani yako ya IP ni ipi? Wa kujibu ni mmoja tu, kwa hiyo hawezi kukosewa. Saketi mpya inapowashwa, ruta inauliza, inajibiwa, na ramani inajiandika.

Kulikuwa na kikwazo kimoja, nao walikitatua kwa ustadi. Pakiti ya ARP ina nafasi ya anwani ya chini ya mtumaji. Mtumaji wa fremu rilei aandike nini hapo? Nambari anayoijua ni ya upande wake, na upande wa pili haina maana. Suluhisho lao: mpokeaji asiitegemee nambari iliyoandikwa ndani ya pakiti. Atazame fremu imeingia kwa DLCI ipi, na hiyo ndiyo aiweke. Kila upande uliandika ramani kwa jina unalolitumia wenyewe, na hakuna aliyelazimika kujua jina la mwenzake.

Nyaraka hizi zilikomaa. Ile ya ufungashaji iligeuka kuwa RFC 1490 mwaka 1993, kisha RFC 2427 mwaka 1998, ikawa kiwango kamili cha intaneti. ARP ya kinyume ikawa RFC 2390 mwaka 1998. Katika ruta za Cisco iliwashwa tangu mwanzo bila kuombwa. Mhandisi aliyetoa amri ya encapsulation frame-relay na kuweka anwani angeweza kuona, baada ya muda mfupi, majirani zake wote wamejipanga kwenye orodha ya show frame-relay map, kila mmoja akiwa na alama kwamba amejifunzwa na ruta yenyewe.

Jirani wa jirani

Kama kila ofisi ingekuwa na saketi hadi kila ofisi nyingine, historia hii ingeishia hapo. Lakini saketi pepe nazo zililipiwa, na kampuni nyingi zikachagua umbo la kitovu na matawi: makao makuu katikati, na kila tawi na saketi moja kwenda huko. Umbo hilo lilifichua mpaka wa ARP ya kinyume. Itifaki hiyo inamjua jirani wa moja kwa moja, na mwisho wake ni hapo. Haimjui jirani wa jirani.

Chukua makao makuu 10.1.1.1, tawi la kwanza 10.1.1.2 na tawi la pili 10.1.1.3. Wote wako kwenye mtandao mdogo mmoja. Makao makuu yana DLCI 102 kwenda tawi la kwanza na 103 kwenda la pili. Tawi la kwanza lina 201 tu, na la pili lina 301 tu, zote za kwenda makao makuu. ARP ya kinyume inalifundisha tawi la kwanza kwamba 10.1.1.1 yuko kwenye 201. Kuhusu 10.1.1.3 haisemi kitu. Na kwa kuwa anwani zinadai wote wanakaa uwanja mmoja, ruta ya tawi haifikirii kupeleka pakiti kwa makao makuu iombe kuvushwa. Inatafuta ramani ya 10.1.1.3, inaikosa, na pakiti inatupwa.

Hapo mkono wa mhandisi ulirudi. Kwenye tawi la kwanza aliandika kwamba 10.1.1.3 pia anapatikana kwa 201, na kwenye tawi la pili akaandika kinyume chake. Makao makuu yakawa daraja. Hata ruta kujipigia hodi kwa anwani yake yenyewe kulihitaji ramani, kwa sababu pakiti hiyo ilitoka kweli kwenye laini, ikafika kwa jirani, na ikarudishwa.

Hapa palikuwa na mtego ambao kila aliyefanya kazi na ruta hizi anastahili kuujua. Ukiandika ramani ya mkono kwa IP kwenye DLCI fulani, ruta ya Cisco huzima ARP ya kinyume kwa itifaki hiyo kwenye DLCI hiyo. Sasa tazama tawi la kwanza. Limeshajifunza lenyewe kwamba makao makuu yako kwenye 201. Mhandisi anaongeza kwa mkono ramani ya tawi la pili kwenye 201 hiyo hiyo. Anajaribu: yote yanajibu, kwa sababu ramani iliyojifunzwa bado iko kwenye kumbukumbu. Anahifadhi kazi na kuondoka. Miezi kadhaa baadaye umeme unakatika, ruta inawaka upya, na makao makuu hayaonekani tena. Ramani ya mkono imebaki, ile ya kujifunza haikurudi, kwa sababu hakuna anayeuliza. Amri hazijabadilika hata herufi moja, na mtandao umekufa. Kosa lilitendwa siku ile kila kitu kilipoonekana kizima.

Dawa ni kuamua. Ama uiache itifaki ijifunze kila kitu, ama uandike wewe ramani zote za DLCI hiyo, pamoja na ile ya jirani ambaye tayari anaonekana. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu unadai kumbukumbu ambayo mashine haina na binadamu huipoteza.

Itifaki za njia nazo ziliumizwa na umbo hilo. OSPF kwenye mtandao wa namna hii huchagua ruta moja kuwa msemaji wa zote, na ikitokea ya tawi imechaguliwa, matawi mengine hayaifikii. Mwaka 1994 Osmund deSouza na Manoel Rodrigues waliandika RFC 1586, mwongozo wa kuendesha OSPF juu ya fremu rilei, hasa pale ambapo saketi hazikamiliki kati ya wote. Cisco ilitoa njia nyingine: violesura vidogo vya nukta kwa nukta. Kila saketi inapewa kiolesura chake na mtandao wake mdogo wa anwani, na ndani yake hakuna ramani ya kuandika, kwa sababu njia ni moja na aliye mwisho wake ni mmoja. Unatumia anwani nyingi zaidi, lakini umbo la anwani linalingana na umbo la saketi. Wahandisi wengi waliichagua njia hii, nami naiona kuwa funzo kubwa la enzi ile: ramani iliyo salama kuliko zote ni ile uliyoiondolea sababu ya kuwepo.

Wingu lilipozimika

Kufikia katikati ya miaka ya 1990 fremu rilei ilikuwa biashara kubwa. Mwaka 1996 Cisco iliinunua StrataCom, mshirika wake wa mwaka 1990, kwa takriban dola bilioni 4. Mashirika ya simu yalibeba juu ya huduma hii malipo ya kadi, mashine za benki na hesabu za maduka.

Tarehe 13 Aprili 1998 mtandao wa fremu rilei wa AT&T ulianguka. Kazi ya matengenezo kwenye swichi moja iliamsha hitilafu za programu, na ujumbe wenye kasoro ukaenea kwenye swichi zote 145 za mtandao huo. Kwa baadhi ya wateja huduma ilikosekana kwa muda wa hadi saa 26. Mwaka uliofuata, Agosti 1999, mtandao wa fremu rilei wa MCI WorldCom nao ulisumbuka kwa takriban siku 10, na Bodi ya Biashara ya Chicago ilikuwa miongoni mwa walioathirika.

Ndani ya ruta za wateja siku hizo ramani zote zilikuwa sahihi. Anwani zilikuwa zile zile, DLCI zile zile. Kilichokufa ni kile ambacho ramani haikuwahi kukionyesha: njia iliyo ndani ya wingu. Waliopona haraka ni wale waliokuwa na laini ya akiba ya ISDN, iliyopiga simu yenyewe saketi ikikatika, na laini hiyo nayo ilikuwa na ramani yake, anwani ya IP kwa nambari ya simu. Aliyeiandika ramani hiyo ya pili mapema aliendelea kufanya kazi. Asiyeiandika alingoja.

Kumwuliza aliye katikati

Aprili huo huo wa 1998 ilichapishwa RFC 2332, itifaki ya NHRP, ambayo ilijibu pengo la jirani wa jirani. Kila tawi linajiandikisha kwa seva: mimi ni fulani, na anwani yangu ya chini ni hii. Tawi linalomtaka mwenzake linaiuliza seva, linapewa anwani, na linakwenda moja kwa moja. Cisco baadaye ilijenga juu yake DMVPN, ambapo njia za siri kati ya matawi hujijenga juu ya intaneti ya kawaida bila mhandisi kuandika ramani ya kila jozi.

Upande wa mashirika ya simu, MPLS ilichukua nafasi. Msingi wake uliwekwa Januari 2001 katika RFC 3031, na wazo la nambari yenye maana ya hapa tu, inayobadilishwa kila hatua, likaendelea humo kwa jina la lebo. Waraka mwingine, RFC 3034, ulieleza hata jinsi ya kuiweka lebo hiyo ndani ya DLCI yenyewe. Baraza la Fremu Rilei liliungana na lile la MPLS mwaka 2003. Huduma zenyewe zikaanza kufungwa moja baada ya nyingine.

Shuleni fremu rilei ilidumu zaidi. Katika madarasa ya Cisco ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wanafunzi wengi waliandika ramani hizi kwenye ruta za maabara au za kuigiza, wakitumia ruta moja kama wingu, hata pale ambapo hawangekutana na saketi yake kazini. Mtihani wa CCNA, cheti cha Cisco, uliiacha mwaka 2016. Wapo waliosema ni vyema, muda usipotee kwa kitu kilichokufa. Amri zenyewe kweli hazina kazi tena. Lakini kilichofundishwa na amri hizo kina kazi kila siku. Vituo vya data vya leo hutumia VXLAN, iliyoelezwa mwaka 2014 katika RFC 7348, na EVPN ya RFC 7432 ya mwaka 2015, kuoanisha anwani ya mashine na mwisho wa handaki inamopatikana. Maarifa hayo husambazwa na itifaki ya njia ya BGP, ila ramani ni ile ile: jina upande mmoja, njia upande mwingine.

Kwa hiyo anayepokea mtandao wowote leo, wa benki au wa chuo, ajiulize maswali manne kabla hajagusa kitu. Ramani hizi zimeandikwa na nani, mtu au itifaki? Ruta ikiwashwa upya, zipi zitarudi na zipi hazitarudi? Anwani zinadai nani ni jirani, na saketi zinasema nani? Na chini ya ramani kuna njia gani ambayo ramani haiionyeshi? Majibu yake ayaandike mahali ambapo mwingine atayaona, kwa sababu itifaki hukumbuka ilichoambiwa na jirani yake tu, na sababu za ramani kuwa hivyo ilivyo hubaki kwa mtu aliyeichora.